"Mzee" wa Miaka 19 Mtaani Umoja

Yamkini umewahi kupishana nao, msomaji, ukitoka stejini kuelekea nyumbani. Vijana wawili, mara nyingi mmoja Mzungu na mwenzake Mwafrika, mashati meupe, tai shingoni na kibandiko cheusi chenye jina kifuani. Watoto huwaandama nyuma wakipiga kelele "hawayu! hawayu!" Pengine uliwadhania kuwa maajenti wa bima. Hao ni wamishonari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo wengi wetu twalijua kama la Wamormoni, ingawa tangu mwaka 2018 viongozi wake wamehimiza jina hilo la kupachikwa liachwe.

Ukiwafungulia mlango au usiwafungulie, hiyo ni shauri yako. Lakini hebu tumfuate mmoja wao katika majuma yake ya kwanza. Tuseme katoka mji mdogo jimboni Utah, Marekani, ana miaka 19, na ametumwa Umoja, Eastlands.

Kwanza elewa kwamba hakujichagulia Umoja. Kijana hutuma maombi, kisha makao makuu mjini Salt Lake City humjibu kwa kumtajia aendako. Angeweza kupelekwa Peru, Norway au hata jimbo jirani. Wavulana huhudumu miaka miwili, wasichana miezi 18. Mshahara hakuna. Badala yake ni yeye na jamaa zake wanaochangia gharama: kwa Wamarekani zilikuwa dola 400 kwa mwezi kwa miaka mingi, na tangu Julai 2020 ni dola 500, iwe ametumwa Paris au Nairobi.

Umoja wenyewe una historia na kwao. Awamu ya kwanza ya mtaa huo ilijengwa miaka ya sabini kwa msaada wa serikali ya Marekani, nyumba ndogo ndogo zisizo na ghorofa kwa watu wa kipato cha chini. Walionunua wakaongeza chumba, kisha ghorofa, kisha nyingine juu yake, hata leo kuna mahali jirani anaweza kukupitishia chumvi dirishani. Kijana aliyezoea kufungua mlango akaona milima sasa afungua akaona kamba ya nguo za mtu wa pili.

Maji ndiyo humfunza mtaa haraka kuliko kitabu chochote. Mfereji ukikauka, humsubiri mwenye mkokoteni na mitungi yake ya lita 20, halafu aubebe mmoja hadi ghorofa ya tatu. Siku moja kwa juma, aghalabu Jumatatu, ni ya kufua, kununua chakula na kupumzika kidogo. Hapo ndipo mwenzake, tuseme ni Mganda, humfundisha kufikicha kola ya shati kwa mkono. Mashine ya kufulia aliiacha kwa mamake.

Wawili hao hawaachani. Huamka saa kumi na mbili u nusu asubuhi, husoma maandiko, hutoka, na saa nne u nusu usiku taa huzimwa. Televisheni hakuna, kuogelea hakuna, mpenzi ndiyo usiseme. Zamani walipiga simu nyumbani mara mbili tu kwa mwaka, Krismasi na Siku ya Akina Mama. Tangu Februari 2019 wanaruhusiwa kila juma, na bila shaka kuna akina mama waliolia kwa furaha siku hiyo.

Kanisani wao huitana kwa cheo ambacho kwa Kiswahili kimetafsiriwa "Mzee". Basi fikiria babu wa miaka 70 akiambiwa sebuleni kwake kwamba huyu mtoto asiyeota ndevu ni Mzee Fulani. Wengi hucheka, na kicheko hicho huwasaidia vijana kuliko hotuba.

Kisha huja jambo la chai.

Wewe wajua mambo yalivyo kwetu. Mgeni hajakaa vyema, sufuria imeshabandikwa, majani yametiwa, maziwa yamemiminwa. Haulizwi kama atakunywa. Sasa hawa, kwa agizo la mwaka 1833 la mwanzilishi wao Joseph Smith, hawagusi pombe, tumbaku, kahawa wala chai. Na wametumwa katika nchi inayouza chai nyeusi ng'ambo kuliko nyingine yoyote duniani! Mama mwenye nyumba hukunja uso: "Kwani chai yangu ina nini?"

Mgeni mjanja hujifunza kusema mapema, kabla moto haujawashwa, na kuomba maji au uji, kwani uji hauna kosa. Kisha hula mandazi yote aliyowekewa, hata akiwa ameshiba. Akichelewa kusema, kikombe hubaki mezani kikipoa, na kila mtu hukitazama.

Lakini kwa maoni yangu, mzigo mzito si wa Mmarekani. Yeye atarudi kwao baada ya miaka miwili. Mzigo ni wa Mkenya aliyebatizwa, anayefika kwao mashambani Desemba na kumwambia mamake mzazi kwamba chai ya jikoni kwake hainywi tena. Nyumba ngapi zimenuniana kwa kikombe kimoja!

Swali jingine humngoja kijana kwenye kochi, na ni haki aulizwe. Hadi Juni 1978, kanisa hilo halikuwapa wanaume weusi ukuhani, na waumini weusi walizuiwa kupokea ibada kuu za hekaluni. Kijana wetu alikuwa hajazaliwa, lakini kibandiko ni chake. Mwaka 2013 kanisa lilichapisha maelezo ya kuzikana nadharia zilizotumiwa zamani kutetea ubaguzi huo. Akijibu kwa kukariri, mwenye nyumba humtambua papo hapo. Akinyamaza kidogo na kusema lilikuwa jambo chungu, pengine mazungumzo yataendelea. Wengine husimama na kuwaonyesha mlango.

Hata hivyo mbegu imeota. Kanisa lilisajiliwa Kenya mwaka 1991, na Mei 2025 hekalu lao la kwanza nchini likawekwa wakfu Nairobi. Siku hizi huenda "Mzee" anayebisha hodi kwako akawa ni Mkenya mwenzako. Usishangae pia kijana wako aliyemaliza kidato cha nne akikuambia kabla ya chuo anataka kutumwa Ghana. Kuna wazazi waliobaki wameshika karo mkononi wasijue la kusema: miaka miwili bila masomo, bila kazi? Wengine huridhia, wengine hununa hadi mtoto arejee.

Na huyu wetu wa Utah? Baada ya miezi michache, mama mboga wa karibu na soko la Mutindwa akiwa ameanza kumwongezea nyanya bila kuombwa, simu hulia. Amehamishwa. Ana siku chache tu za kuaga. Hupanga mashati yake, humwachia mwenzake mtungi wa maji uliojaa, na kesho yake asubuhi anasimama stejini na masanduku mawili, akimwuliza makanga nauli kwa Kiswahili ambacho sasa hata makanga hakicheki.