Kitambaa cha Meza ya Pool, Nyakahura

Mjomba wangu alipoleta meza ya pool Nyakahura, wilayani Biharamulo, hakuna kati yetu aliyejua kwamba kitambaa chake kina namna yake ya kusafishwa. Aliiweka chini ya turubai, karibu na njia inayochepuka kwenda Rulenge, Ngara. Kiangazi, kila gari lililopinda pale lilitutimulia vumbi jekundu. Asubuhi tulikipiga kitambaa kwa kanga kuukuu, tukaamini tumemaliza, kumbe vumbi tulikuwa tunalishindilia kwenye nyuzi. Kijani kikageuka kahawia. Mpira uliopigwa taratibu ukawa unapinda wenyewe, na ugomvi hauishi: meza imelala upande, fimbo mbovu, huyu kaegemea. Mjomba akaazima pima maji kwa fundi mwashi. Meza ilikuwa sawa kabisa.

Aliyetufungua macho ni dereva wa semi. Kabla ya kituo cha pamoja cha mpakani kuzinduliwa Rusumo, Aprili 2016, malori yalikaguliwa upande huu na ule wa mto Kagera, na madereva wengi walilala njiani. Dereva huyo aliomba burashi laini ya nguo. Akaanzia upande unaofungulia mchezo, akafagia kwenda upande wa pili, mwelekeo mmoja tu, bila kurudisha mkono. Kisha akapitisha burashi chini ya kingo za mpira. Ikatoka na unga wa buluu.

"Mzee, hiyo ni chaki, na inakula kitambaa," akamwambia mjomba.

Alisema kweli. Chaki ya pool si chokaa ya ubaoni. Tangu Mmarekani William Spinks alipopata hataza yake mwaka 1897, hutengenezwa kwa madini magumu yanayokwaruza ili ncha ya fimbo isiteleze. Ikichanganyika na vumbi letu, kila mpira unaobingirika husaga nyuzi za sufu.

Kuanzia hapo banda likabadilika. Poda ya watoto, ambayo wachezaji walijipaka mkononi ili fimbo iteleze, ikapigwa marufuku kwa sababu iliacha madoa meupe kila mahali. Mipira ikawa inaoshwa kwenye beseni kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kisha inakaushwa kabisa kabla ya kurudi mezani, maana mpira mchafu hurudisha uchafu uleule. Baadaye bati likachukua nafasi ya turubai, na kuta zikapandishwa upande wa barabara. Naona kuta ndizo zilizosaidia kuliko yote.

Alama nyeupe pale mchezo unapofunguliwa hazizuiliki. Ni nyuzi zilizoungua kwa msuguano wa mpira unapopigwa kwa nguvu, na hakuna sabuni ya kuziondoa.

Siku hizi viongozi wengi hukataza pool saa za kazi, hivyo meza hukaa bure mchana kutwa. Mwenye meza wa Rulenge, Kabanga au Lusahunga, huo ndio muda wa kuifagia na kuifunika. Nunua burashi leo, kabla hujamwita fundi wa kitambaa kipya.