Vilima vya Sheffield na meno ya gia

Wenzangu wa hapa Sheffield mnaujua mji huu wa vilima. Jenkin Road, waliyoipanda waendeshaji wa Tour de France mwaka 2014, inaweza kukutoa roho. Kwetu mlima ukikushinda unashuka, unaikokota baiskeli, hakuna anayekucheka. Lakini kila asubuhi, na laptopu mgongoni? Hapana, bwana.

Nikapiga hesabu. Baiskeli yangu ya mtumba ina gia ndogo ya mbele yenye meno 39, na kubwa ya nyuma ina 25. Pedali ikizunguka mara moja unasogea kama mita 3.3. Ukiweka 34 mbele na 28 nyuma, unasogea 2.6 tu, yaani nguvu kidogo kwa kila mzunguko. Uliza magoti.

Ila jamani, msikimbilie gia ya 34 kwa kuwa ni bei poa. Pima kwanza matundu ya bolti. Kwenye krenki ya bolti tano, kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya jirani yake kukiwa na milimita 76.4, duara la bolti ni 130, na hapo meno hayashuki chini ya 38. Kukiwa na 64.7, duara ni 110. 34 inakaa vizuri.

Yangu ni 130, na krenki nyingine, hata iliyotumika, ni hela ya chakula cha wiki nzima. Kwa hiyo naanza na nyuma: 28, na cheni ndefu kidogo. Napata mita 2.9. Krenki itasubiri posho.