Usitie Saini Siku Hiyohiyo

Columbus, Ohio

Wapendwa wa nyumbani,

Huku theluji ndiyo inaisha, nasi tu wazima. Ila Mzee wetu wa Tanga, yule anayetuongozea dua kwenye kila hitima, amefukuzwa kazi akiwa na miaka 62.

Najua mtauliza: 62, na bado yumo kazini? Kwetu mtumishi wa umma akitimiza 60 hufungasha. Huku, kwa kazi nyingi, ukomo huo uliondolewa mwaka 1986. Mtu huendelea mpaka achoke mwenyewe. Na ipo sheria ya mwaka 1967 inayomkinga mfanyakazi kuanzia miaka 40 asibaguliwe kwa umri, mradi mwajiri ana watu 20 au zaidi.

Mzee alikuwa msimamizi wa zamu kwenye ghala moja hapa. Akaja meneja mpya, kila wiki anamuuliza: "Unastaafu lini?" Mzee akadhani anajuliwa hali. Ijumaa moja akaitwa ofisini, akawekewa hundi ya mishahara ya miezi miwili na karatasi ya kusaini kwamba hatashtaki. Kalamu ilishafunguliwa kifuniko. Kwa adabu zake za pwani, aliona haya kuwachelewesha watu. Kilichomwokoa ni miwani: aliisahau nyumbani, akaomba akaisome karatasi huko. Uzee waliomfukuzia ndio uliomnusuru.

Bintiye akaisoma. Sheria inataka mtu wa miaka 40 na zaidi apewe siku 21 za kutafakari na, hata akishasaini, siku 7 za kubadili nia. Wakipunguzwa wengi kwa pamoja, zile 21 huwa 45. Karatasi ya Mzee ilidai jibu jioni ileile.

Sasa amepeleka malalamiko kwenye Tume ya Fursa Sawa za Ajira. Mlango wake hufungwa siku 180 baada ya tukio, au 300 kwa majimbo kama letu. Wakili wake hakumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Katika kesi ya Jack Gross wa Iowa, mwaka 2009, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, majaji 5 dhidi ya 4, kwamba mlalamikaji athibitishe kuwa lau si umri wake, asingeguswa. Umri kuwa sababu mojawapo hakutoshi. Ndiyo maana Mzee siku hizi anatembea na daftari la shule: kila neno la meneja analolikumbuka, tarehe, na nani alikuwapo.

Wiki jana aliitwa usaili kwingine. Alipita msikitini ndevu nyeusi tii, piko imemchafua hadi kola. Hakuna aliyecheka.

Basi mwenye ndugu huku amfikishie: ukipewa bahasha ya kuagwa, shukuru, ichukue, nenda nayo nyumbani. Kalamu iache mezani kwao.

Ni mimi ndugu yenu.