Ladha ya Nchi Kame

Katika tungo zetu, ukame hubeba maana moja tu: njaa. Nchi ikikosa mvua tunaililia, tunaifananisha na mgonjwa, kisha tunaomba mawingu. Mimi naishi Dodoma, na mzabibu umenifunza kuwa neno hilo lina upande wa pili.

Wamisionari wa Kiitalia waliupanda mmea huu Bihawana katika miaka ya 1950. Hapa tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mvua ya mwaka kwa kawaida haifiki mbali kupita milimita 600, karibu yote ikinyesha kati ya Desemba na Aprili. Udongo wa kichanga haukai na maji, hivyo mzizi huyafuata chini. Tunda halijai maji. Jua huikoleza sukari yake, na ubaridi wa usiku hulibakizia ukali kidogo ili utamu usikinaishe. Kwa kupogoa, mkulima huweza kuvuna mara mbili kwa mwaka. Zabibu za msimu wa mvua huandamwa na ukungu. Za kiangazi, zinazochumwa Agosti na Septemba, huja safi na tamu zaidi. Kile mzabibu ulichonyimwa ndicho kilichoutia ladha.

Nayo lugha ina mavuno yake. Zabibu ni neno la Kiarabu, na asili yake ni tunda lililokaushwa. Mvinyo tulilipata kwa Wareno. Lakini maji ya zabibu zilizokamuliwa, kabla hayajawa mvinyo, hapa huitwa mchuzi wa zabibu. Neno mchuzi halikushuka jahazini; limetoka jikoni kwetu. Tena limebeba maisha ya watu: zabibu mbichi zikikosa mnunuzi huoza kwa siku chache, bali mchuzi uliohifadhiwa vyema humpa mkulima nafasi ya kungoja bei.

Wafaransa wana neno terroir, yaani ile alama ambayo udongo, hewa na mkono wa mkulima huiacha katika mvinyo. Mimi napendekeza tuseme ladha ya nchi, kwa maana ile ya nchi iliyo ardhi. Mwenye neno bora na alilete. Naomba tu, ndugu washairi, anayetaka kuutunga mvinyo asiende kukopa bustani za Uajemi kabla hajapita Hombolo mwezi wa Agosti, vumbi likiwa jekundu na vichala vimeiva.