Kisukari Kilikuwa Kisingizio Changu

Nina miaka 63, mzaliwa wa Tanga. Kazi yangu ni kupakia makontena ya wafanyabiashara wa kwetu jijini Guangzhou, China, na kuyafuatilia hadi bandari ya Nansha. Nina kisukari, nina presha. Mwaka 2021 maradhi hayo mawili yalikuwa ngao yangu. Kila aliyeniuliza kama nimechanja UVIKO-19, nilimjibu, "Mgonjwa hachanjwi."

Wazee wa Kichina niliopanga nao jengo moja walisema vivyo hivyo, na walikuwa na sababu. Kampeni ya nchi yao ilianza na watu wa miaka 18 hadi 59. Wazee waliingizwa baadaye, kuanzia mwishoni mwa Machi. Mzee akiambiwa asubiri, hudhani kuna hatari anayofichwa.

Mwezi Mei Guangzhou ikavamiwa na kirusi aina ya Delta. Mgonjwa wa kwanza kugundulika alikuwa bibi wa miaka 75 wa wilaya ya Liwan. Punde nasi Nansha tukawa kwenye foleni za kupimwa. Hata hapo sikuchanja.

Siku moja nikagongewa mlango. Alikuwa binti wa kamati ya mtaa. Akaniita "shushu", neno lao la baba mdogo, kisha akauliza, "Unaogopa nini hasa?" Wengine wote walikuwa wameniamuru nichanje, huyu ndiye wa kwanza kuniuliza. Nikamtajia sukari na presha. Hakunibishia. Kesho yake akanipeleka kituo cha afya.

Daktari alinipima presha, akapitia daftari ninamoandika vipimo vyangu vya sukari. Akanieleza polepole kwamba chanjo ile ina virusi vilivyouawa, visivyoweza kuzaliana mwilini. Anayeahirishwa ni mwenye homa, au mwenye sukari au presha iliyopanda na haijatulizwa. Aliyewahi kupata mzio mkali lazima aseme kabla ya kuchomwa. Sukari na presha yangu vilikuwa vimetulia. "Kwa maradhi haya," akasema, "ulipaswa kuja mapema kuliko wenzako." Nikachomwa, nikakaa dakika 30 kwenye kiti cha plastiki nikiangaliwa. Mkono uliniuma siku mbili, basi.

Julai 28 mwaka huohuo, Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani Ikulu, Dar es Salaam. Waliotangulizwa Tanzania ni watumishi wa afya, wenye miaka 50 na zaidi, na wenye maradhi sugu. Nikampigia simu dada yangu mkubwa.

"Shikamoo dada. Umechanja?"

"Marahaba. Mimi, na presha hii?"

Ulimi ulikuwa tayari kuhubiri. Nikauzuia. "Dada, unaogopa nini hasa?"

Kumbe presha ilikuwa geresha. Alikuwa ametumiwa ujumbe wa WhatsApp kwamba sindano ya Johnson & Johnson inagandisha damu. Sikumwambia ni uongo. Nilimwambia imetokea, lakini ni nadra mno, na kwa umri wake UVIKO ni hatari kubwa zaidi. Amwulize daktari anayemtibu. Akaenda na mjukuu wake, akauliza maswali yake yote, akarudi amechanjwa.

Mapema 2022, Hong Kong, jirani yetu hapa mdomoni mwa Mto Pearl, ilizika zaidi ya watu 9,000 katika wimbi moja. Wengi wao walikuwa wazee, na wengi hawakuwa wamekamilisha chanjo. Chanjo zilikuwepo, na hospitali zao ni za kisasa. Nilipoisikia habari ile nilijiona mimi, na jibu langu la "mgonjwa hachanjwi".

Ndugu msomaji, kama una mzee nyumbani anayesita kuchanjwa, usimfokee wala usimtumie ujumbe wa vitisho. Kaa naye, muulize anaogopa nini, kisha mpeleke kwa daktari akajibiwe.