Butembo: Mavi ya nguruwe juu ya chemchemi yetu

Hapa Butembo, mtu akisema anasomesha watoto kwa nguruwe hakuna anayecheka. Nyuma ya nyumba nyingi, kutoka Bulengera hadi Mususa, utakuta kibanda cha mbao chenye nguruwe watatu, watano, na kwa wengine kumi na zaidi. Wanakula pumba ya mahindi, maganda ya mihogo na ya ndizi, machicha ya kasiksi. Siku za minervali zikikaribia, mmoja anauzwa. Tangu ndugu zetu wa Lubero walipozidi kukimbia vita, hasa baada ya Kanyabayonga na Kirumba kuingia mikononi mwa M23 mwishoni mwa mwezi wa 6 mwaka 2024, naona vibanda vimeongezeka katika kata yetu. Aliyeacha shamba na ng'ombe kule hana pengine pa kufugia hapa mjini isipokuwa katika kipande cha ua alichopanga. Simlaumu.

Lakini mavi ya wanyama hao yanaenda wapi? Kwetu yanateremka. Mji huu umekaa juu ya vilima, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na kila ua una jirani wa chini. Jirani wa chini ndiye mimi. Juu yangu anakaa mama mmoja mjane mwenye nguruwe kumi na mmoja. Chini yangu kuna chemchemi ambamo watu wa avenyu tatu wanachota maji, kwa kuwa bomba halijafika kwetu. Mvua ikinyesha sana, maji meusi yanapita kando ya ukuta wangu, yanazunguka mgomba, yanafika karibu kabisa na pale watoto wanapopanga vidumu.

Mwaka jana binti yangu mdogo alilala siku tatu katika kituo cha afya kwa kuharisha. Muuguzi hakusema ni maji ya chemchemi, na mimi sina kipimo cha kuthibitisha. Toka siku ile tunachemsha kila tone nyumbani, na makala yana bei. Majirani wengi hawawezi kununua makala ya kupikia maharagi na ya kuchemshia maji pia. Wanakunywa hivyo hivyo.

Jambo hili lilipofika katika mkutano wa kata, vijana walitaka nguruwe wote waondolewe katika juma moja. Walipiga makofi. Yule mama akasimama, akafunga kitenge chake vizuri, akasema: «Sawa, munifukuzie nguruwe. Lakini munieleze basi ni nani kati yenu atakayelipia watoto wangu masomo.» Hakuna aliyejibu. Shefu wa kata akasema mambo yaangaliwe tena.

Mimi nikaenda kutafuta sheria, kwa sababu kazi yangu ni kuuliza. Sheria iko. Ile ya tarehe 9 Julai 2011, namba 11/009, juu ya ulinzi wa mazingira, inasema katika kifungu cha 21 kwamba kazi yoyote inayoweza kugusa mazingira, kilimo kikiwemo, inapaswa kwanza kufanyiwa uchunguzi wa madhara yake, na uchunguzi huo ukubaliwe na wenye mamlaka. Inasema pia kwamba anayechafua ndiye anayelipa. Kuna tena ile ya maji, namba 15/026, ya tarehe 31 Desemba 2015. Mtumishi mmoja wa serikali alinisikiliza kwa heshima, kisha akaniambia: «Papa, sheria hiyo ni ya miradi mikubwa. Huyo mama utamwomba uchunguzi gani? Na mimi nikitaka kufika kwenu, mafuta ya pikipiki nitatoa wapi?»

Tuseme ukweli, juu ya ukubwa hakukosea. Hata huko Marekani, ambako kuna mabanda yenye wanyama maelfu chini ya paa moja, sheria inahesabu ukubwa: banda la nguruwe linaitwa kubwa likifikisha wanyama 2,500 wenye uzito wa zaidi ya kilo 25, au ng'ombe wa maziwa 700. Mabwawa yao ya mavi, mengine mapana kama uwanja wa mpira, ndiyo yanayofuatwa. Ulaya wanapima shamba: mbolea ya wanyama haipaswi kupita kilo 170 za azoti kwa hektari moja kwa mwaka, kwa sababu inayozidi inazama mpaka kwenye maji ya chini na kugeuka sumu kwa watoto wachanga. Mama mwenye nguruwe kumi na mmoja haonekani kabisa katika hesabu hizo. Lakini siku moja mimi na kijana wa jirani tulipanda kilima kuhesabu nguruwe wote walio juu ya chemchemi yetu, na tukachoka tulipopita mia moja. Hilo ni banda moja kubwa. Halina mwenyewe wa kuitwa ofisini, basi.

Na kuna mambo mawili ambayo watu wanayachanganya, heri niyaseme hapa. La kwanza ni kifafa kinachotokana na mnyoo wa nguruwe. Wengi wanadhani kinaletwa na mavi ya nguruwe. Hapana. Mayai yanayoingia kichwani mwa mtu yanatoka katika mavi ya mtu mwenye tegu. Nguruwe naye anaambukizwa akila mavi yetu, ndiyo maana nguruwe kuzunguka chooni ni hatari. Mavi ya nguruwe yana taabu zake nyingine: vijidudu vya kuharisha, na mayai ya minyoo mikubwa ya tumbo ambayo yanaweza kukaa udongoni miaka. La pili ni ile homa inayoua nguruwe wa kata nzima kwa majuma machache, homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo mara ya kwanza ilielezwa na mganga wa wanyama Montgomery huko Kenya mwaka 1921. Haimshiki mtu. Lakini virusi vyake vinakaa katika nyama, damu na mavi, na anayetupa mzoga katika mto Kimemi usiku, kama nilivyoona kwa macho yangu mzoga umekwama chini ya daraja, anawapelekea ugonjwa wafugaji walio mbele.

Basi tulifanya nini? Si mengi. Tulianza kwa kupima. Wakati wa Ebola, kati ya 2018 na 2020, mashirika yalitufundisha mambo mengi ambayo hatukutaka kuyasikia, lakini moja lilibaki kichwani mwangu: choo kikae angalau mita 30 mbali na chanzo cha maji. Nikasema, kama ni hivyo kwa mtu, iwe hivyo kwa nguruwe. Tulivuta kamba. Kutoka shimo la mama mpaka chemchemi: mita 17.

Mama mwenyewe ndiye aliyetoa wazo lililofaa, wala si mimi na makaratasi yangu. Butembo ni mji wa mbao. Kwa maseremala unga wa mbao unachomwa bure au unatupwa. Alianza kuumwaga bandani kila jioni. Unanyonya mkojo, harufu inapungua, na asubuhi anakokota kitu kikavu badala ya uji. Anakirundika juu ya ua, upande wa mbali, anafunika kwa majani ya ndizi na turubai, anageuza kila baada ya siku chache. Rundo likishikwa vizuri linapata moto kwelikweli. Likifika nyuzi 55 na kukaa hapo siku kadhaa, vijidudu vingi vinakufa. Baada ya miezi, wamama wanaolima sombe na kabichi bondeni wanakuja na mifuko. Zamani walichukua mavi mabichi bure na kuyamwaga juu ya mboga tunazokula. Sasa wananunua yaliyooza, na wanalalamika juu ya bei kama wateja wote.

Wengine watatu wamemfuata. Wanne wamekataa, mmoja wao ana nguruwe wengi kuliko mama, na maji yake ya kuoshea banda yanaingia moja kwa moja katika mfereji wa barabara. Huyo ndiye ningependa sheria imkumbuke, na ninaona meya angeweza kumkumbuka bila kungoja Kinshasa: agizo fupi la mji, mita 30 kutoka kila chemchemi, shimo lenye kifuniko, marufuku mzoga mtoni. Chuo Kikuu cha Katoliki cha Graben kina wanafunzi wa tiba ya wanyama na wa kilimo hapa hapa mjini. Nguruwe wa kuwafundishia hawakosi.

Bado shimo la zamani liko pale pale, mita 17. Mama ni mpangaji, na mwenye nyumba hataki lichimbwe lingine upande wa juu, anasema litaharibu kiwanja. Wazee watatu wa avenyu wamekwenda kumwona mara mbili. Safari ya pili aliwapa chai, na akaomba muda wa kufikiri.

Huku tukingoja, siku ya salongo inayokuja tunachimba mfereji wa kugeuza maji ya mvua yapite kando ya chemchemi. Tunaanza saa moja asubuhi, pale kwenye mgomba. Mwenye jembe au beleshi aje nalo, na mwenye nguruwe aje kwanza.