Injini ya Boti Ikohoapo Ziwani

Wasomaji wenzangu mkaao mbali na maji huenda mkastaajabu kumwona mwalimu akiandika habari za injini ya boti. Lakini kwetu sisi wa Nyegina, na wa vijiji vya kando ya ziwa huku Musoma, ziwa ndilo shamba na ndilo barabara. Mtu wa kisiwa cha Rukuba akiugua hana njia ya kufika hospitali ila juu ya maji, na siku hizi aghalabu huvushwa na injini ndogo ifungwayo nyuma ya boti. Injini za namna hii si jambo geni duniani. Ole Evinrude, aliyezaliwa Norwei akakulia Marekani, alianza kuziuza huko Milwaukee mwaka 1909, na umbo lake halikugeuka sana tangu hapo: kichwa juu, mguu ushukao majini, na rafadha chini kabisa.

Meli kubwa ikizama, kama MV Bukoba mwaka 1996 au kivuko cha MV Nyerere mwaka 2018, nchi nzima husikia na kulia. Boti ndogo iliyozimikiwa na injini jioni, ikasukumwa na upepo hata kwenye miamba, hulilia watu wa mwalo mmoja tu. Kwa hiyo sioni aibu kuandika juu ya jambo dogo hili.

Injini hudai vitu vitatu: petroli iliyochanganyika na hewa kwa kipimo chake, cheche ya moto kwa wakati wake, na mgandamizo wa kutosha ndani ya silinda. Kikipungua kimoja, mngurumo hubadilika. Mafundi wa mjini husema injini “inamisi”. Mimi napenda kusema inakohoa, kwa maana ndivyo sikio lisikiavyo. Na kama vile mganga hampi kila mwenye kikohozi dawa ile ile, vivyo hivyo haifai kubadilisha plagi kila injini ikohoapo. Walakini hilo ndilo wafanyalo vijana wetu wengi. Hununua plagi mpya, hutia, injini huenda vizuri nusu saa, kisha kikohozi hurudi pale pale.

Mwezi wa Agosti mwaka jana nalikuwa Rukuba katika matanga ya jamaa. Siku ya kurudi tulikuwa watu saba katika boti, na mmoja wetu alikuwa mama aliyempakata mtoto mwenye homa kali, akimpeleka Musoma kutibiwa. Tuliondoka baada ya adhuhuri. Nahodha alikuwa mzee wa Kikwaya aliyevua tangu ujana wake, na msaidizi wake ni mjukuu. Tulipofika katikati ya safari injini ikaanza kukatakata. Ikiendeshwa polepole ilituwama kidogo. Ikiongezwa nguvu ilikohoa, ikatetemesha boti nzima, ikapungua mwendo. Upepo wa mchana ulikuwa unatoka ziwani kwenda nchi kavu, na mbele yetu ulikuwa ufuko wa mawe makubwa, kama mjuavyo pande za Musoma. Kama injini ingezima kabisa tusingepotea kwenda kilindini. Tungetupwa juu ya mawe yale.

Kijana akashika bisibisi. “Babu, nifungue kabureta?”

“Acha,” akasema mzee. “Skrubu ikidondoka majini utaizamia wewe? Anza na vya nje.”

Maneno haya yalinipendeza, maana ndiyo mafundisho ya sayansi tuyatoayo darasani kwa chaki, na wanafunzi husahau wakitoka mlangoni. Cha nje ni nini? Ni tangi, mpira wa mafuta, na kile kipira cha kukamua kilicho katikati ya mpira huo. Mzee alikitazama kipira injini ikiwa katika mwendo, akaona kimenywea bapa kama puto lililotoka pumzi. Dalili hii ina maana yake. Kipira kikiwa laini wala hakikazi hata ukikamua, yawezekana hewa inaingia penye kiungo kilicholegea. Lakini kikinywea bapa, injini inavuta na mafuta hayaji. Basi kizuizi ki nyuma yake, upande wa tangi. Akalegeza mfuniko wa tangi kidogo. Tukasikia hewa ikiingia kwa mlio wa “fyuu”, na kipira kikavimba tena. Tundu la hewa la mfuniko lilikuwa limezibwa na uchafu na magamba ya samaki. Tangi lisilopata hewa halitoi mafuta, kama vile kopo la maziwa lililotobolewa tundu moja tu.

Sote tukashangilia mapema mno. Injini ilipata nguvu, lakini mtetemo haukuisha. Hapa wengi wangeirudia kazi ile ile ya tangi na kuchoka bure, kumbe ugonjwa wa kwanza ulikuwa umeufunika wa pili. Mzee alizima injini, akaamuru nanga ishushwe ili tusikaribie mawe, akafungua plagi mbili. Ya juu ilikuwa kavu, rangi ya kahawia, ndiyo rangi ya afya. Ya chini ilikuwa imelowa, na juu yake vijitone visivyokauka kama petroli ikaukavyo. Akaomba chupa ya maji ya kunywa iliyo nyeupe, mama yule akatoa yake. Mzee akaimwaga, akatia petroli kutoka tangini, akaiacha itulie. Chini ya chupa kulionekana maji, yamejitenga dhahiri, kwa kuwa maji ni mazito kuliko petroli.

Petroli ile ilinunuliwa ufukoni katika madumu. Ni nani aliyeitia maji, au kama ni mvua tu, mimi sijui, wala mzee hakulaani mtu. Alifungua kijiskrubu kilicho chini ya kabureta, akakinga kwa kopo hata yakatoka mafuta safi. Akahamia dumu la akiba alilokwisha kulipima. Akatia plagi mpya chini. Akakataza mtu yeyote kuwasha kiberiti, akangoja harufu ipeperuke kabla ya kuvuta kamba. Injini ikaitika mara ya tatu, ikanguruma sawasawa. Tuliingia mwalo wa Mwigobero jua lingali juu, na mama akachukuliwa kwa pikipiki na mtoto wake hadi hospitali. Yule mtoto amepona; nilimwona Januari akikimbiza kuku.

Tangu siku ile mzee ameongeza desturi moja. Kabla ya kuchanganya oili, ambayo katika injini yake ni mililita 400 kwa lita 20 za petroli, hujaza petroli katika chupa nyeupe, huiweka kivulini, hunywa uji wake, kisha huirudia kuitazama. Mwuza petroli hupapasa fedha mkononi kwa kukosa subira. Mzee humwambia, “Ngoja kidogo, mwanangu, uji wangu bado wa moto.”